Ruhusa ya Kutoka Mafunzoni: Tathmini ya OOPE kwa Daktari Anayetaka Kufanya Kazi ya Misaada

Daktari aliye katika mafunzo ya ubingwa nchini Uingereza ana njia rasmi ya kuyasimamisha mafunzo hayo, kwenda kufanya kazi nje ya nchi kwa mwaka mmoja, kisha kurudi kwenye nafasi aliyoiacha. Utaratibu wote hujulikana kwa herufi OOP (Out of Programme, yaani kuwa nje ya programu), na tawi lake linalotumiwa na wengi wanaokwenda kwenye misaada ya kitabibu ni OOPE. Ninauandikia tathmini kama ambavyo ningeandikia huduma yoyote niliyoilipia, kwa maana nimeulipia kweli: mshahara ulisimama, tarehe ya kuwa bingwa ikasogea mbele, na makaratasi yalikuwa mengi kuliko ya ajira yenyewe. Niliutumia nikiwa katikati ya mafunzo ya udaktari wa watoto, nikaenda na shirika moja la misaada kwenye hospitali ya rufaa ya eneo moja la vijijini mashariki mwa Congo.

Madaktari wenzangu waliotoka Tanzania, Kenya na Uganda, ambao sasa wamo katika hospitali za Uingereza, huniuliza kama nafasi huwa bado ipo unaporudi, kama viza haiharibiki, na kama inafaa kwenda mapema au kusubiri mpaka ubingwa ukamilike. Kwa kifupi, huduma hii inatimiza vizuri sana jambo moja inaloahidi, yaani kukulindia nafasi, lakini ni dhaifu katika jambo ambalo daktari yeyote angelitarajia kwanza, yaani kuyatambua yale aliyojifunza huko.

Mwongozo unaosimamia mafunzo ya uzamili ya madaktari Uingereza, ambao wote huuita Gold Guide, unaigawa ruhusa hii katika mafungu kadhaa. OOPT ni ya mafunzo yanayohesabiwa kuelekea ubingwa, na lazima iidhinishwe mapema na Baraza Kuu la Madaktari, GMC. OOPR ni ya utafiti. OOPC ni ya mapumziko kwa sababu za kifamilia, za kiafya au nyinginezo. OOPP, iliyoanza kwa majaribio mwaka 2019, ililenga hasa wanaotaka kuyapumzisha mafunzo huku wakiendelea kutibu wagonjwa ndani ya Uingereza. OOPE ndiyo ya kupata uzoefu ambao hautahesabiwa. Kwa kawaida hutolewa kwa mwaka mmoja, na inaweza kurefushwa. Katika muda huo wote daktari hubaki na namba yake ya mafunzo ya taifa, na namba hiyo ndiyo kiini cha huduma nzima. Aliyejiuzulu mafunzo ili aende kwenye misaada atalazimika kurudi kwenye ushindani wa kitaifa na kuanza kutafuta nafasi upya, ilhali aliyeondoka kwa OOPE anarudi kwenye mkoa wake, katika hatua yake, na mkuu wa mafunzo wa mkoa anawajibika kumpangia hospitali. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa daktari aliye mafunzoni marejeo hayo yamo katika namba hiyo.

Nafasi hii si haki ya moja kwa moja. Mkuu wa mafunzo anaweza kukataa, na anapokubali hutaka notisi ya kutosha ili zamu zisibaki bila mtu. Mwongozo unataja miezi 3 kuwa ndio ukomo wa chini, lakini mikoa mingi hutaka miezi 6. Hapo ndipo kwenye udhaifu wa kwanza nilioukuta. Mashirika ya misaada hayapangi safari zake kwa kalenda ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inayobadilisha madaktari wake kwa wingi kila Agosti. Shirika linaweza kukupitisha kwenye usaili, likakuweka kwenye orodha ya walio tayari, kisha likakutaarifu wiki chache tu kabla kwamba kuna mradi unaokuhitaji. Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo ilikaa na barua yangu muda mrefu bila jibu, na jibu lilipokuja liliuliza jina la mradi na tarehe kamili ya kuondoka, vitu ambavyo shirika lenyewe lilikuwa halijavijua. Nilichofanya, na ninachowashauri wengine, ni kuomba ruhusa kwa kipindi badala ya mradi: taja miezi utakayokuwa nje, eleza kwamba shirika litakupangia mahali, ambatanisha barua ya kukubaliwa, na mtake msimamizi wako wa elimu aandike kwamba anaunga mkono kipindi hicho pasipo kujali nchi utakayopelekwa. Ombi la namna hiyo linapokelewa vizuri zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Suala la wakati wa kwenda ndilo ninalolijali kuliko yote, na ndilo ambalo ushauri unaotolewa kwa vijana hauniridhishi. Tangu mwaka 2005 kila anayemaliza chuo cha udaktari Uingereza hufanya kwanza miaka 2 ya mafunzo ya msingi. Baada ya hapo wengi hupumzika mwaka mmoja kabla ya kuingia kwenye ubingwa, na huo ndio mwaka ambao vijana huambiwa waende Afrika. Ni rahisi kweli, maana hakuna wa kumwomba ruhusa. Hata mashirika makubwa hayafungi mlango kabisa: Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, kwa kawaida hutaka daktari awe na uzoefu wa miaka isiyopungua 2 baada ya kufuzu, awe na stashahada ya magonjwa ya kitropiki au mafunzo yanayofanana nayo, na awe tayari kukaa kati ya miezi 9 na 12 katika safari yake ya kwanza. Kijana aliyemaliza miaka yake ya msingi anaweza kulikaribia sharti hilo.

Lakini tazama kazi yenyewe ilivyo. Katika hospitali nyingi zinazosaidiwa na mashirika haya, wagonjwa hutibiwa na madaktari, matabibu na wauguzi wa nchi husika. Muuguzi wa wodi ya watoto katika eneo la malaria ameona watoto wenye degedege na upungufu mkali wa damu kwa idadi ambayo daktari wa Manchester hataifikia hata astaafu. Mgeni anaitwa kwa ajili ya mambo mengine: kusimamia ubora wa matibabu, kufundisha, kuamua nani ahamishiwe hospitali kubwa wakati gari ni moja, kuagiza dawa kwa makadirio ya miezi ijayo, kuzungumza na mamlaka za afya, na kusimama mbele ya timu siku ambayo watoto wamekufa wengi. Hizo ni kazi za mtu aliyekwisha kuongoza zamu. Daktari wa mwaka wa tatu baada ya chuo hajawahi kuongoza zamu, na kumpeleka huko kwa sababu tu ana pasipoti na hamasa ni kuwatwika wenyeji mzigo wa kumfundisha, halafu kumlipa yeye kana kwamba ndiye aliyewafundisha.

Kwa udaktari wa watoto wakati mzuri unaonekana wazi kwenye mtaala wenyewe. Tangu Agosti 2023 mafunzo hayo yanachukua miaka 7 katika hatua mbili: miaka 4 ya kwanza ni ya jumla, na 3 inayofuata ni ya kubobea. Mwisho wa hatua ya kwanza daktari anatakiwa awe amemaliza mitihani yote ya MRCPCH, yaani ya uanachama wa chuo cha kifalme cha madaktari wa watoto, na kwa wakati huo amekwisha kuzoea kuongoza zamu ya usiku, kuhuisha watoto wachanga chumba cha kuzalia, na kuzungumza na wazazi waliofiwa. Hapo ndipo nilipoondokea. Mtihani hauning'inii, mikono imeshazoea kazi, na bado hujafungwa na taratibu za hatua ya pili. Kwa anayesomea tiba ya ndani, mwisho wa miaka 3 ya mafunzo ya awali, yaliyoanza kwa muundo wa sasa mwaka 2019, unafanana na huo, ingawa hapo inabidi kuangalia vizuri kama tayari una nafasi ya hatua inayofuata, kwa sababu OOPE haiwezi kulinda namba ambayo hujaipata.

Madaktari wa upasuaji na wa usingizi ningewaambia wasubiri. Mashirika huwapokea kwa safari fupi, wakati mwingine za wiki chache, lakini huhitaji mtu anayeweza kufanya kazi peke yake, kuanzia upasuaji wa uzazi hadi mfupa uliovunjika kwa risasi. Bingwa aliyekamilika anaweza kutumia likizo yake ya mwaka na ruhusa kidogo isiyo na malipo, bila kuhitaji OOPE. Pia kuna UK-Med ya Manchester, iliyoanza mwaka 1988 baada ya tetemeko la ardhi la Armenia, ambayo huweka orodha ya watumishi wa afya walio tayari kuondoka kwa wiki chache yanapotokea maafa. Kwao hiyo ni njia bora kuliko kuuvunja mwaka wa mafunzo.

Sasa niseme kuhusu yale unayojifunza, maana ndipo thamani ya huduma hii ilipo, na ndipo uonevu wake pia ulipo.

Daktari wa watoto aliyefundishwa Uingereza ana mazoea yaliyojengeka mwilini: mtoto akiletwa na homa, mikono baridi na mapigo ya moyo ya haraka, anasukumiwa maji mengi ya dripu kwa muda mfupi. Nyuma ya mazoea hayo kuna chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ya kupumulia, na vipimo vya damu vinavyorudi ndani ya saa moja. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu katika hospitali za Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Waliosukumiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: ndani ya saa 48 takriban watoto 10.5 katika kila 100 walipoteza maisha, ikilinganishwa na 7.3 katika wale ambao hawakusukumiwa. Niliusoma utafiti huo Uingereza na kuujibu vizuri kwenye mtihani. Kuutekeleza saa 9 usiku, mtoto akiwa mbele yako na mama yake akikutazama mkono ulipo kwenye chupa ya maji, ni jambo lingine kabisa, na sikuweza kulijifunza mpaka muuguzi wa zamu alipokuwa amesimama kando yangu akipima upungufu wa damu kwanza, akitafuta malaria, akiuliza kama mtoto amekuwa akiharisha, na kupanga damu itoke kwa nani.

Utapiamlo mkali vilevile. Unajifunza kwamba mtoto ambaye utepe wa kupimia mkono unaonyesha chini ya milimita 115 hapewi chakula kingi kwa pupa hata kama anakililia. Anaanzishiwa maziwa ya F-75 kidogo kidogo, mchana na usiku, anapewa joto, anakingwa sukari ya damu isishuke, anatibiwa maambukizi hata kama hana homa, na ni baadaye tu ndipo anapohamishiwa F-100 au chakula cha karanga kilichotayarishwa kwenye pakiti. Unajifunza kutenga wodi ya kipindupindu kwa kamba, chokaa na klorini, na kukokotoa kwamba mgonjwa aliyekaukiwa vibaya anahitaji mililita 100 za maji ya dripu ya Ringer kwa kila kilo ndani ya saa 3, au saa 6 akiwa chini ya mwaka mmoja. Unajifunza kukiheshimu kipimo kwa kukikosa. Haya yote ni udaktari wa watoto, tena ule wa msingi kabisa.

Hata hivyo, kwenye mapitio ya kila mwaka ya maendeleo yangu, yanayoitwa ARCP, mwaka ule wote uliandikwa Matokeo 8, yaani "yuko nje ya programu", na hakuna hata mwezi mmoja uliohesabiwa. Ndivyo OOPE ilivyoundwa, na mtu anayeiomba ameelezwa hivyo, kwa hiyo siwezi kudai nilidanganywa. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo ni mbaya. Mwaka 2007, Nigel Crisp, aliyewahi kuwa mtendaji mkuu wa NHS, aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti kuhusu ushirikiano wa afya na nchi zinazoendelea, na kutambuliwa kwa kazi ya watumishi wa NHS katika nchi hizo kulikuwa miongoni mwa hoja zake. Miaka imepita mingi. Kuna mifano inayoonyesha kwamba jambo hili linawezekana: madaktari wa usingizi walioko mafunzoni wamekuwa wakienda Lusaka kufanya kazi na kufundisha pamoja na wenzao wa Zambia, chini ya usimamizi ulioandaliwa rasmi. Tofauti iko kwenye usimamizi. Palipo na bingwa aliyepo kazini kila siku, anayekubali kutia saini tathmini za ujuzi, OOPT inaweza kuombwa. Palipo na mgeni mmoja na redio ya mawasiliano haiwezekani. Ninaelewa hoja hiyo. Nisichoelewa ni kwa nini bingwa wa Congo aliyesoma Kinshasa au Bukavu, ambaye ameokoa watoto wengi kuliko bodi nzima inayonitathmini, saini yake isitoshe.

Hili linanipeleka kwenye jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili watalihisi kuliko wengine. Unapotoka Uingereza unapelekwa kama mtumishi wa kimataifa, hata kama ulizaliwa Tabora. Unalala kwenye nyumba yenye ulinzi, una mpango wa kuhamishwa hali ikichafuka, na wenzako Wakongo, ambao ndio wengi mno katika timu, wanarudi jioni kwenye mitaa ambayo huenda wapiganaji wataifikia usiku. Julai 2020 zaidi ya watu 1,000 waliokuwa au waliowahi kuwa watumishi wa MSF walitia saini barua ya kulalamikia ubaguzi uliojengeka ndani ya taasisi, na tofauti ya namna watumishi wa nchini na wa kimataifa wanavyotendewa ilikuwa sehemu ya mjadala uliofuata. Shirika hilo, lililoanzishwa Paris mwaka 1971 na kupewa Nobeli ya amani mwaka 1999, lina mengi mema ambayo sina haja ya kuyathibitisha. Lakini daktari Mwafrika anayekwenda huko ajiandae kwa nafasi hiyo ya katikati, ambapo wenyeji wanamwita ndugu na mkataba unamweka upande mwingine. Mimi niliona heri kuizungumza wazi na timu katika wiki za mwanzo.

Lugha nayo ina uzito wake. Mikutano, mafaili na ripoti zilikuwa kwa Kifaransa, na asiyekijua atahangaika. Wagonjwa, hata hivyo, walizungumza Kiswahili, au lugha ya kwao pamoja na Kiswahili. Mtu wa Tanga au Mombasa atahitaji siku kadhaa kuzoea Kiswahili cha Kivu, lakini baada ya hapo anamsikiliza mama bila mkalimani, na historia ya ugonjwa inayopatikana hivyo ni tofauti kabisa na ile inayopita katika vinywa viwili. Sijaona fomu ya maombi Uingereza inayoipa sifa hii uzito unaostahili. Iandike juu kabisa ya wasifu wako.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mashirika makubwa hulipia safari, malazi na bima, na hutoa posho ya mwezi iliyo chini sana ya mshahara wa daktari wa Uingereza. Michango ya pensheni ya NHS husimama. Mwenye mkopo wa nyumba au anayesomesha wadogo zake nyumbani apige hesabu miezi mingi kabla, na daktari mwanamke anayetarajia kuzaa katika miaka hiyo aulize kwa maandishi jinsi mwaka wa nje utakavyoathiri sifa yake ya malipo ya likizo ya uzazi.

Viza ndiyo inayowaogopesha wenzangu zaidi, na kwa haki. Waingereza wanaoandika kuhusu OOPE hawaigusi, maana haiwahusu. Daktari wa kigeni aliye mafunzoni England anadhaminiwa na NHS England, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2023 baada ya kuunganishwa na taasisi ya elimu ya afya iliyokuwepo. Ili kupata ukaazi wa kudumu, kanuni inataka usiwe nje ya Uingereza zaidi ya siku 180 katika kipindi chochote cha miezi 12. Vilevile, mdhamini kwa kawaida hulazimika kusitisha udhamini wa mtu aliyekaa bila malipo kwa zaidi ya wiki 4 katika mwaka. Ukizisoma kanuni hizo mbili peke yake utaona mwaka wa misaada hauwezekani. Lakini zote mbili zina msamaha kwa anayesaidia katika janga la kibinadamu au la kimazingira nje ya nchi, mradi mdhamini amekubali kutokuwepo kwake kwa ajili hiyo.

Soma sharti hilo kwa makini. Kwanza, kibali cha mkuu wa mafunzo si lazima kiwe kibali cha mdhamini. Ni ofisi mbili, na barua zinapaswa kuwa mbili. Pili, barua ya mdhamini itaje sababu yenyewe, yaani janga la kibinadamu, na isiseme tu kwamba umepewa likizo isiyo na malipo. Tatu, kufundisha kwa mwaka mmoja katika hospitali ya chuo kikuu ya nchi iliyotulia ni kazi ya maana, lakini itakuwa vigumu kuieleza kwa afisa wa uhamiaji kama msaada wakati wa janga. Kambi ya wakimbizi, mlipuko wa Ebola au eneo la vita haihitaji maelezo marefu. Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kurefusha muda wa kawaida wa kusubiri ukaazi kutoka miaka 5 hadi 10, na kanuni za uhamiaji hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo lipia ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia saini mkataba wa shirika. Ni gharama ndogo kuliko zote utakazoingia, na huduma ya OOPE haikupi msaada wowote katika hili. Kwa daktari wa kigeni hiyo ni kasoro kubwa kuliko hata ile ya kutohesabiwa miezi.

Stashahada ya magonjwa ya kitropiki na usafi wa afya, DTM&H, inafaa ifanywe kabla ya kuondoka. Shule za tiba ya kitropiki za Liverpool na London, zilizoanzishwa 1898 na 1899, huitoa kwa takriban miezi 3, lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki njia nzuri zaidi ni kozi ya Shule ya London inayofundishwa Moshi na Kampala kwa ushirikiano na hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Makerere. Darasa huwa na madaktari wa Afrika Mashariki na wa kutoka ng'ambo wakikaa benchi moja, na mgonjwa wa pepopunda au uti wa mgongo yuko wodini, hayuko kwenye picha ya ukutani. Anayeweza kuifanya huko asihangaike na London.

Madaktari wanaosomea ubingwa nyumbani, wawe wa MMed, yaani shahada ya uzamili ya chuo kikuu, au wa COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, hawana chombo cha namna hii. Wanachoweza ni kuahirisha masomo kwa kanuni za chuo chao na kumwomba mwajiri uvumilivu. Inasikitisha, maana mahitaji yako karibu nao zaidi: MSF ilianza kuwatibu wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Nduta, mkoani Kigoma, mwaka 2015.

Kurudi kumeandaliwa vizuri kuliko kuondoka, na hapa huduma inastahili sifa bila masharti. England ina mpango uitwao SuppoRTT kwa kila daktari aliyekuwa nje ya mafunzo kwa miezi 3 au zaidi. Kabla ya kuondoka unakaa na msimamizi wako na kuandika utakachohitaji. Kabla ya kurudi mnakaa tena. Kisha unaweza kupewa kipindi cha kufanya kazi ukiwa mtu wa ziada kwenye zamu, bila kubeba jukumu peke yako, pamoja na kozi za kukumbushia ujuzi. Niliutumia wote. Nilihitaji kujikumbusha mashine za kupumulia za watoto njiti, mifumo ya kompyuta ya kuandikia dawa, na hata namna ya kuagiza kipimo bila kujiuliza kama kweli ninakihitaji. Anayeona aibu kuomba kipindi hicho kwa kudhani kwamba aliyetoka vitani hahitaji kushikwa mkono anawaweka wagonjwa hatarini.

Usajili wa GMC haukunisumbua. Leseni ilibaki hai, mkuu wa mafunzo aliendelea kuwa afisa anayewajibika kwa uthibitisho wangu wa kila miaka 5, na kilichotakiwa ni fomu ya kila mwaka yenye kueleza kazi zote nilizofanya nje pamoja na malalamiko yoyote. Weka kumbukumbu zako tangu siku ya kwanza, kwa sababu intaneti ya huko haitakuruhusu kuzikusanya mwishoni.

Anayeomba kwa ajili ya mwaka ujao namshauri asikimbilie OOPE kabla ya kuandikia chuo cha kitaaluma kinachosimamia fani yake kuuliza kama sehemu ya kipindi hicho, hata miezi michache, inaweza kuidhinishwa kama OOPT, akitaja jina na sifa za bingwa atakayemsimamia kule aendako, na kuambatanisha kukubali kwake kwa maandishi. Wengi watajibiwa hapana. Lakini kila barua ya aina hiyo inakilazimisha chuo kueleza, kwa jina, kwa nini bingwa wa Goma au Lusaka hatoshi, na majibu hayo yanapaswa kuanza kuandikwa.